Mgane

Ilianza na sahani.
Jumatatu ya Februari, Dundee, ukungu umepanda kutoka mtoni
hadi kwenye kioo cha jikoni,
Struan akaandaa meza: sahani moja, uma mmoja,
glasi moja.
Nikamwuliza, na yangu?
Akakitazama kiti changu
kama mtu anayetazama tundu kwenye soksi.

Alipewa nafasi ya mgane.
Mchezo wa wiki tatu, ukumbi wa viti mia na kumi,
mtu aliyefiwa na mke na hajui pa kuweka mkono wake usiku.
Maneno aliyahifadhi kwa siku nne.
"Maneno si kitu," aliniambia, wakati huo bado alikuwa akiniambia mambo,
"lazima nimjue huyu mtu kuanzia mfupani."
Nikacheka. Nikamchemshia chai ya tangawizi
aende nayo huko mfupani.

Wiki ya pili akahamia ukingoni mwa kitanda.
Wiki ya tatu akaitia picha yangu kwenye fremu nyeusi.
Nikipiga chafya, kimya. Nikiimba bafuni,
alizima redio, akasikiliza, akaiwasha tena.
Dada yake alipopiga simu niliisikia sauti yake sebuleni:
"Hakuteseka. Alilala tu."

Bi Petrie wa ghorofa ya chini akaja na pai ya viazi.
Nikamfungulia mimi.
Akanikabidhi bakuli la moto, akanishika bega:
"Pole kwa msiba. Wewe ni ndugu wa marehemu?"
Nami, mtoto niliyelelewa kwa adabu,
nikasema ahsante, ndiyo, tulikuwa karibu sana.

Ila nguo.
Nimetoka zamu ya usiku hospitali, miguu imevimba,
nakuta kabati limebaki viango tu, vinagongana.
Vyote alivipeleka duka la hisani, Barabara ya Perth.
Na leso yangu, ile ya rangi ya kisamvu,
imetandazwa dirishani chini ya birika na vikombe sita,
pauni tatu,
jina lake likiwatazama wapita njia wasioweza kulisoma:
NIPO, SIBANDUKI.
Nikajinunua. Muuzaji akauliza kama nahitaji mfuko.

Kwetu mwanamume hana eda.
Mwanamke ndiye anayehesabu, miezi minne na siku kumi,
bila wanja, bila manukato.
Siku moja mbele ya kioo nikagundua
sijapaka wanja tangu Februari.
Nilikuwa nimejikalia eda mwenyewe.

Usiku wa kwanza nilikaa safu ya sita.
Aliingia na koti lisilomtosha tena, akaketi kitandani,
akanusa mto.
Ni hivyo tu, alinusa mto,
na mwanamume aliyekuwa mbele yangu akavua miwani.
Nililia nami. Sitasema uongo:
nilimlilia yule mwanamke kama niliyemfahamu,
kisha nikamwonea wivu.
Akiwa hai hakupendwa hivyo.

Wiki tatu zikaisha. Kitanda cha jukwaani
kikafunguliwa parafujo, kikapakiwa kwenye lori.
Ishbel, mwongozaji, akasema nimpe siku chache,
wengine huchelewa kurudi.
Nikampa siku chache. Nikampa Aprili.
Mazoea yana taabu.

Jana, shakwa wakigombania chipsi nje,
nilikuwa nakata vitunguu, nimejifunga ile leso.
Akasimama mlangoni muda mrefu, kofia mkononi.
"Samahani," akasema,
"unafanana mno na marehemu mke wangu."
Kisu kikasimama.
Mngejibu nini ninyi?
Nikasema, watu wengi huniambia hivyo.
Nikamwuliza kama amekula.
Nikateremsha sahani mbili. Yangu nikaiweka mezani,
yake nikaishikilia hewani
mpaka aliponyoosha mkono.